Mwanza Ilipokuwa Mwisho wa Njia

Ukifuata mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, Mwanza iko karibu zaidi na London kuliko ilivyo Nairobi. Tofauti ni ndogo, kama kilomita 50 tu: London hadi Mwanza ni takriban kilomita 6,770, na London hadi Nairobi ni takriban 6,820. Lakini abiria wa Nairobi hupanda ndege moja, akala, akasinzia, na baada ya saa 8 na nusu hivi anashuka London. Wa Mwanza huanza safari yake kwa kuipa London kisogo. Kwanza huruka kama kilomita 850 kuelekea kusini-mashariki hadi Dar es Salaam, akae angoje. Kisha apande ndege ya Dubai, Doha, Addis Ababa, Istanbul au Amsterdam, akae angoje tena. Ndipo apate ya tatu ya kumfikisha. Mara nyingi siku nzima imekwisha, na wakati mwingine imekula ya pili. Majedwali ya umbali kati ya miji, yale yanayotoa kilomita upande mmoja na saa za kuruka upande wa pili, hayana safu ya kuelezea jambo hili. Yanachukulia kwamba ukishajua kilomita na kasi ya ndege, muda umeujua. Ninavyoisoma mimi historia ya njia hii, muda wa safari kati ya miji miwili ya mbali haukuwahi kuamuliwa na umbali, na kwa nusu karne iliyopita haukuamuliwa hata na kasi. Umeamuliwa na kungoja: wapi msafiri anangojeshwa, kwa sababu gani, na kwa amri ya nani.

Watu wa pwani walilijua hili zamani, wala hawakuliona kuwa fumbo. Kati ya Unguja na Maskati kuna kama kilomita 3,900, lakini nahodha hakuuliza maili, aliuliza msimu. Majahazi ya Oman na ya Ghuba yalishuka na kaskazi, upepo unaoanza kushika mwishoni mwa mwaka, na yakarudi na kusi baada ya masika. Siku za tanga zenyewe, upepo ukiwa mwema, zilikuwa za kuhesabika kwa wiki. Safari, hata hivyo, ilikuwa ya miezi mingi, kwa kuwa aliyefika hakuweza kugeuka kabla upepo haujageuka. Ndani ya miezi hiyo watu walifanya biashara, walikopeshana, walioa, walizaa. Kungoja hakukuwa hasara inayoingia kati ya siku za safari. Kulikuwa ndiyo safari, na bandari zilijengwa na kunenepa juu ya kungoja huko. Mtu angemwambia mfanyabiashara wa Shangani kwamba Maskati iko umbali wa wiki kadhaa, angesema kweli, na asingemsaidia kitu.

Ndege ilikuja na ahadi ya kuufuta utumwa huu wa upepo. Tuangalie basi ilivyoanza. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Tanganyika iliingia mikononi mwa Waingereza, na kwa mara ya kwanza ramani ikawaonyesha ardhi waliyoitawala au kuisimamia ikiungana kutoka Misri hadi Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1919 jeshi lao la anga lilituma vikosi vya wapima ardhi kuchagua viwanja vya kutulia ndege kati ya Kairo na Cape Town. Viwanja hivyo vilifyekwa kwa mikono ya vibarua wa Kiafrika, vichuguu vikavunjwa na kusawazishwa kwa majembe. Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Uingereza na ndege aina ya Vimy waliyoiita Silver Queen. Hiyo ilivunjika kabla ya kufika Wadi Halfa. Wakapata ya pili. Nayo ikaangukia Bulawayo. Wakapewa ya tatu, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi, siku 45 baada ya kuondoka. Saa walizokuwa angani kweli zilikuwa 109 na nusu. Piga hesabu: siku 45 ni saa 1,080, kwa hiyo kuruka kulikuwa sehemu moja tu ya kumi ya safari. Wapinzani wao, waliotangulia kuondoka mwezi Januari na Vimy nyingine iliyogharimiwa na gazeti la The Times, hawakufika kabisa. Ndege yao iliishia Tabora mwishoni mwa Februari. Tabora iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya nyanda za juu, tena yenye joto, hailishiki bawa wala hailishi injini sawasawa. Nahodha aliwahi kungoja upepo uje. Rubani naye akajikuta akingoja jua lipoe.

Ilichukua miaka 11 zaidi kwa jaribio hilo kugeuka kuwa ratiba. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kwenda Afrika Mashariki, na mwisho wa njia hiyo haukuwa Nairobi, wala Mombasa, wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza. Sababu ilikuwa maji na reli. Kutoka Khartoum kuelekea kusini shirika lilitumia ndege za kutua majini aina ya Calcutta, ambazo hazikuhitaji kiwanja, zilihitaji mto mpana au ziwa. Nile na Ziwa Viktoria vilitosha. Na Mwanza ilikuwa na reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928, hivyo kifurushi kilichoteremshwa kwenye maji ya ziwa kiliweza kupandishwa gari moshi hadi Dar es Salaam. Katika miezi ya mwanzo aliyepewa heshima ya kwanza ni barua, maana serikali ililipia barua, na viti vilikuwa vichache. Safari ilichukua kama siku 10. Leo mtu atacheka, lakini meli na reli pamoja zilichukua wiki kadhaa, na afisa wa Mwanza aliyezoea kupata majibu ya London baada ya miezi miwili aliona muujiza.

Zitazame siku hizo 10 kwa karibu. Ndege ya Argosy iliyotumika kwenye sehemu za nchi kavu ilikwenda kama kilomita 150 kwa saa. Hata kwa mwendo huo, na hata kwa kuzunguka zunguka, saa za kuruka hazikuzidi nusu ya muda huo. Kwa kweli zilikuwa pungufu zaidi. Mwaka uliofuata njia ilipofika Cape Town, ratiba ilikuwa siku 11 kwa takriban kilomita 12,900. Igawe kwa kasi ile, utapata kama saa 86 kati ya saa 264. Theluthi. Theluthi mbili zilizobaki zilikwenda wapi? Zilikwenda hotelini, kwanza, kwa sababu ndege ziliruka mchana tu, rubani akifuata Nile kwa macho kama anayefuata barabara. Zilikwenda kwenye mapipa ya mafuta: Assiut, Luxor, Aswan, Wadi Halfa, Kareima, Khartoum, Kosti, Malakal, Juba, Port Bell, Kisumu, orodha ndefu kama ya vituo vya basi la mkoani. Na zilikwenda kwenye treni. Abiria aliyelipia ndege alishushwa Paris, akapandishwa gari moshi kuvuka Ufaransa na Italia yote hadi Brindisi, kisha akarudishwa angani kuelekea Alexandria. Injini haikuwa na kosa hapo, wala milima ya Alpi peke yake. Uingereza na Italia hazikuelewana kuhusu nani aruhusiwe kupitisha ndege wapi na kwa faida ya nani, na kwa miaka kadhaa mzozo huo wa ofisini ulilipwa kwa siku za msafiri.

Hapa msomaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema: unapuuza injini. Si mikataba iliyozifanya siku 10 za mwaka 1931 zisiwe saa 8 na nusu; zilikuwa hivyo kwa sababu ndege ya kasi ya Comet haikuwa imebuniwa. Sipuuzi. Tarehe 2 Mei 1952 shirika la BOAC lilirusha Comet kutoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya kibiashara ya abiria kwa ndege ya jeti duniani, na ikafika katika muda usiotimia saa 24. Huo ulikuwa mrukio mkubwa kuliko wowote kabla yake. Lakini hata pale hesabu ina jambo la kusema. Kwa mstari ulionyooka London na Johannesburg zimetengwa na kama kilomita 9,000. Comet, kwa mwendo wake wa zaidi ya kilomita 700 kwa saa, ingeumaliza umbali huo kwa saa 12 au 13. Saa nyingine zilizobaki zilikwenda Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na katika mapindo ya njia iliyoviunganisha vituo hivyo. Miaka miwili baadaye ndege hizo zilisimamishwa zote, baada ya mbili kupasuka juu ya bahari ya Italia, na kwa miaka kadhaa msafiri akarudi kwenye rafadha. Ninakubali basi kwamba hadi miaka ya 1960 injini na masafa ya ndege vilikuwa na sauti kubwa katika jambo hili. Kisha vikanyamaza. Super VC10 ambazo East African Airways ilianza kuzipokea mwaka 1966 zilikwenda kwa kasi isiyopungua ile ya ndege zinazoruka Nairobi na London leo. Miaka karibu 60 imepita, na katika anga la kawaida la abiria hakuna aliyeongeza mwendo wa maana. Kama kasi ndiyo ingekuwa mwamuzi, basi nyakati za safari zingeganda tangu hapo. Hazikuganda. Zimekuwa zikirefuka na kufupika kama kivuli.

Tazama zilivyocheza. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 uliipa kila dola mamlaka kamili juu ya anga lake, na tangu hapo anga limekuwa na milango hata kama halina kuta. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilipoifungia milango hiyo Afrika Kusini ya ubaguzi, ndege zake zilizopita juu ya bara zikalazimika kulizunguka kwa upande wa Atlantiki, zikijaza mafuta visiwani. London haikusogea, Johannesburg haikusogea. Karibu zaidi na nyumbani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na East African Airways ikafa nayo, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo ukakaa umefungwa hadi mwaka 1983. Nairobi na Dar es Salaam, miji iliyotengwa na kilomita zisizofika 700, ikawa mbali kwa namna ambayo hata misafara ya karne ya 19 haikuijua, maana msafara ulikawia lakini ulipita. Na kwa wanaodhani mambo haya yalikwisha na Vita Baridi: Urusi ilipofunga anga lake kwa ndege za Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa 9 na nusu hivi iliruka hadi karibu saa 13, kwa ndege zile zile. Kenya nayo ilikuwa na ndege ya kuweza kufika New York bila kutua kabla haijaruhusiwa kufanya hivyo. Ilibidi kwanza wakaguzi wa Marekani waupe usimamizi wake wa anga daraja la juu, mwaka 2017, ndipo Kenya Airways ikaanza safari hiyo Oktoba 2018. Wakati mwingine mlango hufungwa na hesabu za fedha tu: British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013 na Entebbe mwaka 2015, na siku hiyo hiyo miji hiyo ikasogezwa nyuma kwa saa kadhaa, bila mtu kuchora ramani mpya.

Lakini mfano ninaouona mzito kuliko yote haumo katika njia za ndege hata kidogo. Umo katika pasipoti. Mwishoni mwa miaka ya 1960 safari ya Nairobi hadi London ilikuwa fupi kuliko ilivyowahi kuwa tangu dunia iumbwe. VC10 ilikuwa imewasili, na mtu aliondoka na kufika ndani ya mzunguko mmoja wa jua. Wakati huo huo maelfu ya Wahindi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza walizozichagua wakati wa uhuru, na sheria za Kenya za mwaka 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara zikawafanya wengi waamue kuondoka. Bunge la Uingereza liliwaona wakija, ndani ya siku chache tu likapitisha sheria ya kuwazuia, ikaanza kutumika Machi 1968. Kuanzia hapo, pasipoti ya Uingereza mkononi mwa mtu asiyekuwa na mzazi au babu wa huko haikumfungulia mlango. Alihitaji hati maalumu, na kwa kuanzia hati hizo zilitolewa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Waliobaki wakangoja, wengine miaka. Wapo waliothubutu kupanda ndege bila hati, wakarudishwa, wakakataliwa walikotoka, wakarushwa tena, uwanja hadi uwanja, kama barua isiyo na anwani. Kwa hiyo mwaka huo huo, kati ya miji hiyo hiyo miwili, kwa ndege hiyo hiyo, kulikuwa na safari ya saa zisizofika 12 na safari ya miaka. Sioni jedwali la umbali linavyoweza kubeba ukweli huo katika safu moja.

Pingamizi la pili linakuja hapa, nalo ni la kimantiki zaidi. Kungoja viza, mtu atasema, si kusafiri. Mtanzania anayepeleka maombi yake na kukaa wiki 3, muda wa kawaida wa kujibiwa, yuko nyumbani kwake, anakula kwake, analala kwake. Safari inaanza siku anayopanda ndege. Jibu langu ni kwamba utengano huo ni desturi mpya, na imetungwa kwa faida ya fulani. Mfanyabiashara wa Unguja aliyekaa akingoja kusi naye alikula na kulala vizuri, na hakuna aliyedai kwamba miezi ile haikuwa ya safari. Ratiba ya Imperial Airways ilihesabu usiku wa hoteli ya Khartoum ndani ya siku 10, haikuandika saa za propela peke yake. Tumeanza kuhesabu saa za angani tu katika zama ambazo kungoja kumehamishwa kutoka njiani hadi mlangoni kwa mtu, mahali ambapo shirika la ndege halikuoni na balozi hakuhesabu. Zamani kungoja kuligusa kila aliyekuwemo chomboni, bwana na baharia. Siku hizi kunachagua. Mwingereza anayekwenda Tanzania huweza kuipata viza yake kwenye mtandao au hata akishatua. Mtanzania anayekwenda upande wa pili hupima safari yake kwa kalenda. Ukiniuliza London na Dar es Salaam ziko mbali kiasi gani, lazima nikuulize kwanza unaanzia upande upi, na umeshika kitabu cha rangi gani.

Inabaki kuieleza Mwanza. Ilikuwa mwisho wa njia kwa muda usiofika hata mwaka mzima. Januari 1932 barua za ndege zilipoanza kwenda hadi Cape Town, njia ilipinda Kisumu, ikaliacha ziwa, ikaenda kwa ndege za nchi kavu kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Nairobi ndiko walikokuwa walowezi, na ndiko mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alikokuwa ameanzisha shirika lake dogo la ndege. Sauti zao zilisikika London kuliko za wafanyabiashara wa pamba wa Mwanza. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini zikarejea kwenye njia hii, lakini kutoka Kisumu zilielekea pwani, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikiendelea hadi Durban, na ghuba ya Mwanza ikabaki na wavuvi wake. Enzi ya ndege za majini ilipopita, ulitakiwa uwanja wenye njia ndefu ya kurukia, na uwanja huo ulijengwa Embakasi, ukafunguliwa mwaka 1958. Ule wa sasa wa Jomo Kenyatta umetokana nao, na ndio unaomruhusu abiria wa Nairobi kusinzia na kuamkia London. Waliochimba na kuisawazisha ardhi yake walikuwa, kwa sehemu kubwa, wafungwa wa Mau Mau, watu waliokuwa wamezuiliwa kambini kwa amri ya serikali. Katikati ya mji wa Nairobi palikuwa kama kilomita 15 kutoka walipokuwa wakipiga sururu, na hawakuwa na ruhusa ya kufika huko.